Vyakula vya Pembeni kwa Bi Samia

Rispah Nekesa aliondoka Misikhu, magharibi mwa Kenya, kwenda Riyadh mwezi wa Novemba mwaka 2012. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu, Maryann, ambaye alimwachia mama yake, Keziah. Alikuwa mpishi. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi walioondoka wakati ule walikwenda kujifunzia kazi hukohuko, lakini Rispah alikuwa amepika miaka minne katika nyumba moja ya wageni mjini Webuye, na kuna madereva wa malori waliokuwa wakipitiliza Eldoret na njaa yao ili waje wale kwake. Nyama ilipikwa na mtu mwingine. Rispah alipika vile vinavyokaa kando ya nyama: mboga, viazi, maharagwe, kachumbari. Alikuwa akisema nyama inataka moto tu, bali hivi vya pembeni vinataka akili.

Nyumba ile ya wageni ilipofungwa, ajenti mmoja wa Nairobi alimwambia Saudi wanatafuta wapishi. Alipofika Riyadh akakuta kwamba kwenye mkataba wa Kiarabu hakuandikwa mpishi, aliandikwa mtumishi wa ndani. Kupika kulikuja baada ya kufua, kupiga pasi, kuosha bafu nne na kuwaandaa watoto wawili kwenda shule. Bosi wake aliitwa Salem, mtu mpole wa ofisini, asiyependa maneno. Madam aliitwa Amal, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Riyadh. Madam Amal hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa mtu wa kusahau. Alisahau kwamba Rispah hajala, alisahau kwamba ni Jumapili, na akikumbushwa alisema "ah, sahihi," halafu akasahau tena. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Rispah aliishika miezi kichwani na kunyamaza.

Familia ile ilikuwa na desturi yake ya Idd kubwa. Ndugu wote walikutana Jeddah, katika nyumba ya mama yake Salem kule Baghdadiyah, kwa chakula cha jioni. Kondoo ilikuwa kazi ya wanaume. Wali alipika mama mwenyewe, hata kama miguu ilikuwa inamuuma. Wake wa wanawe, watatu, kila mmoja alileta vyakula vya pembeni, na hapo ndipo walipopimwa. Mwaka 2013 Rispah aliachwa Riyadh, na Amal alipeleka saladi za kununua mgahawani. Alirudi amenuna. Mama mkwe alikuwa amelisukuma bakuli la Amal kwa kidole mbele ya watu wote, akauliza kama Riyadh nyumba zinajengwa bila jiko.

Mwaka uliofuata, Septemba, Amal akaingia jikoni na kufunga mlango nyuma yake.

"Rispa," alisema kwa Kiarabu, maana Kiarabu ndicho walichozungumza, "nataka vitu ambavyo hawajawahi kuviona."

"Huwa mnakula nini na kondoo, madam?"

"Saladi. Mtindi. Mlukhiya. Biringanya."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Rispah alicheka, na Amal naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wale wanawake wawili kuchekea kitu kimoja.

Wiki tatu zilizofuata Rispah alikuwa mtu mwingine. Joto la Riyadh lilikuwa limeanza kukatika, maboga yalikuwa yameingia sokoni, makubwa, ya rangi ya udongo, na dereva alipewa orodha kila siku. Alichukua boga akalikata vipande vinene pamoja na ganda lake, akalipaka tui zito la nazi lenye iliki na pilipili ya kuchoma, akaliweka ovenini mpaka tui likashika na kingo zikaanza kuwa nyeusi. Juu yake akatawanya punje za komamanga, kwa sababu utamu wa boga ulitaka kitu cha kuuzuia. Viazi vitamu alivikata duara nyembamba, akavipanga kwenye trei wima vikiegemeana, akavimiminia ukwaju na maji ya machungwa. Tende alizitoa kokwa, akazipika na siki, tangawizi na pilipili hadi zikawa achari nzito ya kuchovya nyama. Na ile mlukhiya wanayoipenda Waarabu, siku aliyoiona kwa mara ya kwanza alijua ni mrenda ule ule wa kwao, murere, wenyewe wanadhani ni mali yao peke yao. Akaipika kama Keziah anavyoipika, kwa magadi kidogo ili ilainike, akaichanganya na spinachi kwa sababu majani ya kunde hakuyapata, akaifunga na karanga za kusaga.

Amal alionja kimoja kimoja akiwa amesimama. Alipofika kwenye boga alifumba macho.

"Ukinifaulisha Jeddah," alisema, "Novemba unaondoka na tiketi yako mkononi. Krismasi utakuwa na mtoto wako. Wallahi."

Novemba mkataba ulikuwa unakwisha hata bila ya kiapo hicho. Lakini Rispah aliwajua wanawake ambao mikataba yao ilikuwa imekwisha na bado walikuwa wanapiga pasi, kwa hiyo kiapo kilimfurahisha. Alimpigia Keziah siku hiyohiyo. Keziah naye akampa simu Hezron, kaka yake Rispah, ambaye alikuwa na habari yake: kuna hoteli mpya inafunguliwa Bungoma, na mwenye hoteli alikuwa mmoja wa wale waliokula Webuye. Anataka mtu wa kusimamia jiko. Amesema atasubiri mpaka Krismasi, si zaidi.

"Mwambie nakuja," Rispah alisema. "Mwambie asitafute mtu mwingine."

Walisafiri kwa gari siku mbili kabla ya Idd, Rispah nyuma kabisa, mabega yake yakigongana na magunia ya nazi na maboga. Karibu na Taifu walisimama kando ya barabara, Salem akanunua komamanga kreti nzima, na Rispah akazichagua mwenyewe, akizigonga kwa kidole moja moja. Mbele kidogo barabara iligawanyika. Kwa sababu Rispah ni Mkristo, gari halikuweza kupitia Makka, ikabidi wazunguke kwa njia nyingine, na Salem alinung'unika kuhusu mafuta na muda. Watoto walimgeukia Rispah wakamtazama. Alijifanya amelala.

Nyumba ya Baghdadiyah ilikuwa ya zamani, ghorofa tatu, na madirisha ya mbao yaliyochongwa. Mama yake Salem aliitwa Bi Samia. Rispah alimwona kwa mbali tu siku ile ya kwanza: mama mnene, mweupe wa nywele, ameketi kwenye godoro la sebuleni, kila anayeingia anambusu kichwani. Alizungumza Kiarabu cha haraka ambacho Rispah hakukishika vizuri. Hakujua lolote juu yake, na Amal hakuwa amemwambia, labda alikuwa amesahau.

Siku ya Idd baada ya swala ya magharibi chakula kilitandazwa. Rispah alibaki jikoni, amesimama karibu na mlango, akisikia sauti bila kuona. Alisikia vijiko. Alisikia mwanamke mmoja akiuliza hiki ni nini, na Amal akijibu. Kisha alisikia sauti ya Bi Samia, nzito, ikiuliza nani amepika boga hili.

"Mimi, mama," Amal alisema.

Halafu Rispah akasikia mkongojo ukigonga sakafu, ukija. Bi Samia aliingia jikoni na sahani mkononi, akasukuma mlango ukajifunga. Alimtazama Rispah juu hadi chini, na alipofungua mdomo, akasema kwa Kiswahili cha pwani, safi, bila kukwama:

"Tui hili umekuna mwenyewe au la kopo?"

Karibu miaka miwili Rispah alikuwa hajasemeshwa Kiswahili na mtu aliyesimama mbele yake.

"Nimekuna mwenyewe, mama."

"N'lijua. La kopo halishiki hivi." Bi Samia alivuta kiti cha plastiki akaketi. "Wa wapi wewe?"

"Kenya, mama. Bungoma."

"Mie wa Unguja. Tumetoka pale mwaka wa sitini na nne, n'na miaka kumi na tatu, na baba yangu. Tangu hapo sijarudi." Alimega kipande cha boga kwa vidole. "Mama yangu akilipika hivi. Pilipili hakutia. Komamanga wala hatukulijua. Lakini ni hili hili."

Alikula lote pale jikoni, akaomba jingine. Machozi yalimtoka akayafuta kwa ukingo wa mtandio bila haya. Alimuuliza Rispah jina, akamuuliza habari za mama yake, akacheka aliposikia mlukhiya ni murere. Rispah alizungumza mpaka koo likakauka. Alimweleza juu ya Maryann, juu ya hoteli ya Bungoma, juu ya Novemba. Hajanificha kwamba jioni ile alikuwa na furaha. "Nilidhani nimepata mtu," ndivyo alivyoniambia.

"Wewe mwanangu kabisa," Bi Samia alisema akiinuka. "Mkono huu Mungu kakupa."

Siku tatu baadaye, asubuhi ya kurudi Riyadh, Rispah alikuwa anabeba masanduku kwenda garini. Amal alimkuta uani. Hakumtazama usoni.

"Wewe unabaki. Mama amekuomba."

"Ameniomba wapi, madam?"

"Amekuomba. Hapa. Umpikie."

"Madam, mkataba wangu unaisha mwezi ujao."

"Halas, Salem ameshaongeza. Ikama yako, kibali cha kukaa, itakuja hapa. Ni kidogo tu, mpaka Ramadhani."

Rispah alimfuata hadi garini. Alimwita Salem, "Baba, tafadhali." Salem alikuwa ameshika usukani na injini ilikuwa inanguruma. Kumbe anajua Kiswahili, alilelewa nacho, na ndicho alichojibu, kwa sauti ya chini: "Ni mama yangu, Rispah. Nitamwambiaje hapana?" Pasipoti ilikuwa kwake. Gari liliondoka, na mtoto mmoja alimpungia mkono kupitia kioo.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Samia. Alipiga magoti mbele ya godoro, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu yeyote.

"Mama, nina mtoto. Umesikia mwenyewe nikikuambia. Ananingojea Krismasi."

"Mtoto ana bibi yake," Bi Samia alisema. Alimshika kidevu kwa upole. "Mie n'na nani? Hawa wake za wanangu wananipikia karatasi. Kaa na mie kidogo, mwanangu. Hutateseka hapa."

Na kweli hakuteswa, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Alipewa chumba chenye dirisha na kitanda cha mbao. Alipewa nguo. Kila Ijumaa Bi Samia alimpa simu yake mwenyewe aongee na nyumbani. Lakini mlango wa mbele ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa shingoni mwa Bi Samia, chini ya mtandio.

Novemba ikapita. Krismasi ikapita, na Rispah aliila kwa kupika, kwa maana Bi Samia alikuwa amealika wanawake sita waliotoka Unguja pamoja naye, waje waone. Walikula samaki, na pembeni yake kulikuwa na muhogo wa nazi, biringanya za ukwaju na bamia zilizokaangwa na mbegu za giligilani, kitu alichokibuni asubuhi ileile. Walimpigia makofi. Mmoja alimwambia Bi Samia: "Huyu mfungie." Wote wakacheka.

Mwenye hoteli ya Bungoma alisubiri mpaka tarehe kumi Januari. Hezron alitoa habari hiyo haraka haraka, kisha akampa Maryann simu. Mtoto alikuwa na miaka mitano sasa.

"Mama, kwani huko unapika nini?"

"Napika boga. Napika murere."

"Unampikia nani?"

"Nyanya mmoja."

"Sisi tunakula kwa nyanya yetu," Maryann alisema. Hakusema kwa ubaya.

Mara ya pili Rispah aliomba ruhusa mwezi wa Machi, na Bi Samia akasema baada ya Ramadhani. Alipomaliza Ramadhani, siku thelathini za kupika futari na daku, aliomba kwa mara ya tatu. Bi Samia alikuwa anakunywa kahawa. Alisema, bila hasira, kwamba Idd kubwa imekaribia, na ameshawaambia watu wote mwaka huu waje na tumbo tupu, vya pembeni vyote vitatoka kwa Rispah. Baada ya hapo wataona.

Kila wiki mbili Bi Samia alikuwa akimpeleka Ghulail kwa gari kununua muhogo na ndizi mbichi katika maduka ya Waafrika. Yeye alibaki ndani ya gari kwa ajili ya miguu yake, na dereva alisimama mlangoni mwa duka. Huko Rispah alikuwa amejuana na Sellah, Mkenya mwenzake wa Siaya, aliyefanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Samia. Walizungumza wakichagua muhogo, bila kutazamana.

"Wamekataa tena?" Sellah aliuliza.

"Wamekataa."

"Shida yako ni moja. Unapika vizuri."

Rispah alidhani ni utani.

"Si utani, dada. Mimi kule kwa bosi wa kwanza nilichoma mashati na pasi, matatu, wakanitoa mbio. Mtu mbaya wa kazi hawamtaki. Wewe unawapa kila siku sababu ya kukuweka."

Dereva akakohoa. Sellah akachukua muhogo wake akaondoka.

Rispah aliniambia kwamba uamuzi ulikuwa rahisi, lakini kuutenda ndiko kulikomshinda. Siku ya kwanza alitaka kuunguza tui, akalikalia pale mekoni akilitazama linaanza kushika chini, na mkono wake wenyewe ukanyoosha mwiko ukakoroga. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu aliacha iliki tu. Bi Samia alionja akasema, "Leo umesahau iliki, mwanangu." Hakusema zaidi. Rispah alikwenda chooni akalia, na hakujua analilia nini.

Baada ya hapo alijifunza. Aliacha kuonja, hiyo ndiyo njia aliyoipata. Alitia chumvi akitazama dirishani. Mlukhiya akaitoa mapema, ikawa mate matupu. Viazi akavitoa vigumu katikati. Ndizi alizichemsha mpaka zikawa kijivu. Hakufanya yote siku moja, alifanya kidogo kidogo, na kati yake akatoa chakula cha kawaida kisicho kizuri wala kibaya, maana alijua kibaya cha ghafla kingemwonyesha.

Bi Samia alidhani ni ugonjwa. Alimgusa paji la uso. Alimletea asali na habasoda, akamlazimisha anywe kijiko asubuhi na jioni. Alimsomea aya kwenye maji, akampa anywe, na Rispah, mtoto wa kanisa la Kikwekeri, akayanywa. Aliwaambia wanawake wa Unguja kwa simu kwamba binti yake ameingiwa na jicho la mtu. Binti yangu, ndivyo alivyosema. Na sahani mbovu zote alizila. Hakurudisha hata moja.

Idd ya 2015 iliangukia Septemba, siku ya Alhamisi. Familia nzima ilikuja. Amal alifika na saladi ya kununua, akaiweka mezani waziwazi, maana mwaka ule hakuna aliyemdai kitu. Bi Samia alikuwa amevaa nguo mpya, na kwa siku kadhaa alikuwa amemwacha Rispah apumzike ili mkono urudi.

Rispah alipika trei saba. Boga aliliunguza ganda na kuliacha bichi ndani, na juu yake akaweka komamanga chungu pamoja na maganda yake meupe. Viazi vitamu alivitia chumvi kama mtu anayetia sukari. Achari ya tende aliizidishia siki mpaka ikauma pua. Murere wa mama yake aliutia magadi vijiko vitatu, ukatoa povu, ukawa na ladha ya sabuni. Aliniambia alipokuwa anafanya huo wa mwisho alihisi anamtendea Keziah mwenyewe.

Safari hii Bi Samia alitaka awepo, asimame pale watu wamwone. Kwa hiyo aliona yote. Aliona mke wa mtoto mkubwa akitema kwenye karatasi. Aliona watoto wakisukuma sahani. Salem alitazama kitambaa cha meza. Amal alionja boga, akatafuna, akaweka kijiko chini, na akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha puani, lakini kilisikika meza nzima.

Bi Samia alijaza sahani yake. Alichukua boga, viazi, murere na achari, akaanza kula, kijiko baada ya kijiko, akimeza kwa shida.

"Kitamu," alisema kwa Kiarabu. "Mna nini nyie? Kitamu. Kuleni."

Hakuna aliyekula. Alimaliza sahani peke yake, wote wakimtazama. Rispah alisema angekuwa na pa kukimbilia, angekimbia.

Watu walipohamia sebuleni kunywa chai, Bi Samia alikuja jikoni. Alibaki wima, ameegemea mkongojo.

"Umefanya makusudi."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani iishe."

"Na mie nikikusomea dua. Kila siku n'kimwambia Mungu akurejeshee mkono. Ungen'ambia tu kama umechoka."

"Nilikuambia, mama. Nilikuambia mara tatu, na kwa Kiswahili."

Bi Samia aligeuka akaita kwa sauti, kwa Kiarabu, kwamba huyu aondoke, Salem ampeleke kwao, hamtaki tena ndani ya nyumba yake. Tangu dakika ile hakumsemesha Kiswahili tena. Wiki tano zilizobaki, wakati karatasi za kutoka zinashughulikiwa, alimsemesha Kiarabu tu, na cha amri: yalla, lete, ondoa. Alikula chakula cha mgahawani. Siku ya safari mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Rispah aligonga, akaita "mama" mara mbili. Alisikia mkongojo ukisogea ndani, lakini mlango haukufunguliwa.

Alifika Misikhu mwanzoni mwa Novemba 2015. Keziah alichinja kuku. Maryann, miaka sita, alisimama nyuma ya nyanya yake, akamsalimia kwa mkono kama mgeni wa kanisa.

Januari Hezron alimtafutia nafasi kwenye hoteli nyingine, Kanduyi. Mwenye hoteli alitaka kumjaribu kwanza: apike mboga tatu na viazi kwa meza ya watu wanne. Rispah alivaa kitambaa kichwani, akawasha moto, akaanza. Mikono ilijua kukata. Ilijua kupanga. Lakini ilipofika kuonja, alipeleka kijiko mdomoni na hakujua anachokisikia. Miezi ile alikuwa amejizoeza kutosikia, na sasa alipotaka kusikia hakukuwa na kitu. Akatia chumvi kwa kukisia. Akaongeza. Mwenye hoteli alikula vijiko viwili, akamshukuru, akasema atapiga simu.

Hakupiga. Rispah alijaribu hoteli mbili nyingine mwaka ule, kisha akaacha. Siku hizi anapika chakula cha mchana katika shule moja ya msingi karibu na kwao, mahindi na maharagwe kwenye sufuria mbili kubwa. Chumvi anapimiwa kwa kikombe na mwalimu wa zamu. Ni kazi nzuri, anasema, haina maneno, na saa tisa amefika nyumbani.

Watu humuuliza juu ya Arabuni, na wengi wanataka kusikia habari za kupigwa na kunyimwa chakula. Akisema alipewa chumba chenye dirisha na asali ya kunywa, wanaona kama anaringa, au anaficha. Kwa hiyo siku hizi hasemi. Mimi nilipata kuyasikia kwa vile nafundisha shule hiyo na nakaa naye nyuma ya jiko tukichambua maharagwe. Mara moja nilimuuliza kama anamchukia yule bibi. Alifikiri, akatupa maharagwe mabovu mawili.

"Yule ndiye pekee aliyekula," alisema. "Ningependa kumchukia."

Maryann ana miaka tisa sasa. Jumapili Rispah hupika nyumbani kwake, chumba kile alichojengewa na Hezron kando ya nyumba ya mama yao. Anapika wali, ndengu na sukuma. Mtoto anakula vizuri, kwa adabu, vijiko vitano au sita. "Asante, mama, nimeshiba," anasema, na kupeleka sahani kwenye karai. Halafu anavuka ua. Rispah akisimama dirishani anamwona mlangoni pa jiko la Keziah, amechuchumaa, sahani nyingine mapajani, anakula.